Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Jumapili, 10 Agosti

Brandur amerudi kutoka bonde la magharibi akiwa na mbwa mtoto ndani ya koti lake. Hakumwuliza mtu. Kaka yangu ana miaka kumi na tisa na anaamini kwamba jambo likishafanyika halina haja ya kuulizwa. Mbwa ana miezi minne, mweusi mwenye kifua cheupe, sikio moja limesimama na lingine limelala. Amempa jina Kópur.

Týra alikuwa kwenye tambara lake katika chumba cha viatu. Ana miaka tisa, na tangu nilipokuwa mdogo ndiye anayewashusha kondoo wetu mlimani kila Septemba. Kópur alimrukia usoni, akamwuma mkia, akamwuma tena. Týra akanguruma, sauti ya chini, fupi. Baba akavua kofia na kumpiga nayo puani.

"Hapana! Nyumbani kwangu mbwa hangurumi!"

Kópur akarudi kwenye mkia.

Nilitaka kusema kitu mezani. Sikusema. Ndiyo maana nimeanza kuandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua. Majani ya kondoo tuliyokata yamelala shambani yameloa. Baba amekasirikia mawingu, hasira zinatuangukia sisi.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nilimkuta Týra amemlaza Kópur chini penye ngazi, mdomo uko shingoni mwa mtoto. Nilipiga kelele, nikamnyakua Kópur na kumbeba kifuani, nikamwambia Týra ni mchawi mzee mwenye wivu. Aliinamisha masikio akaondoka. Kópur hakuwa na hata mkwaruzo.

Brandur alikuwa mlangoni anakula. "Ungewaacha, Profesa. Hili ni suala la cheo. Lazima mmoja awe bosi. Wanamalizana wenyewe."

"Wanamalizanaje wakati Baba anampiga Týra kila akisema kitu?"

"Akisema! Kasema nini leo, kakuomba chumvi?"

Halafu akanionyesha alichokiona kwenye video. Akamgeuza Kópur mgongo chini, akamkandamiza kifuani mpaka akaacha kupapatika. Eti ndivyo mbwa mwitu wanavyofanya. Kópur akajikojolea.

"Wewe si mbwa mwitu," nikamwambia.

"Na wewe si kondoo, mbona unatetemeka?"

Nilitetemeka kwa hasira. Yeye anadhani kutetemeka kuna sababu moja tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Jua, hatimaye. Tumekusanya majani siku nzima. Siwezi kukunja vidole.

Jumanne, 19 Agosti

Nilimwuliza Mama kwa nini Baba hataki mbwa angurume. Alikuwa anamenya viazi, akaacha. Akasema kabla ya Týra tulikuwa na dume aliyemngurumia mtoto wa watu pale zizi kuu la bonde, siku ya kuchambua kondoo wa mashamba yote. Hakumwuma. Alinguruma tu. Bonde zima lilizungumza mwaka mzima. Kwenye mkutano wa wafugaji mtu alisema afadhali kufuga dubu kuliko mbwa wa Ketill, watu wakacheka, na Baba, Ketill mwenyewe, alikuwa amekaa pale pale.

Watu wa bonde hili husahau nani alimwoa nani. Mbwa aliyemngurumia mtoto hawamsahau.

"Usimchokoze baba yako na habari hizo," Mama akasema. Hiyo ndiyo sentensi anayoipenda kuliko zote.

Ijumaa, 22 Agosti

Shule imefunguliwa. Basi linafika kwenye geti letu saa moja na robo. Watatu wa darasa letu wanapandia vituo vya kabla ya changu na wanakaa nyuma pamoja. Mimi nakaa nyuma ya dereva.

Nimeazima kitabu cha mbwa kwenye maktaba ya shule.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekisoma chote. Nimekasirika kiasi kwamba nilitoka nikatembea mpaka mtoni na kurudi.

Kimeandikwa na mtu aliyeishi na mbwa, si na mtu wa video. Anasema mbwa mzima akinguruma anatoa taarifa: nimechoka, rudi nyuma. Mbwa mtoto hujifunza kutokana na sauti ile. Ukimwadhibu mzima kwa kunguruma huondoi alichokuwa anakihisi. Unaondoa taarifa peke yake. Anasema kazi ni ya mwenye nyumba: vyakula viwekwe vyumba viwili tofauti, kila mmoja awe na mahali pake pa kulala, na mdogo aondolewe anapozidi kusumbua, ili mkubwa asilazimike kumwondoa mwenyewe.

Kumbe siku ile penye ngazi Týra alikuwa anafundisha, na kwa upole. Mimi ndiye niliyemwita mchawi.

Nimepeleka bakuli la Kópur jikoni na kufunga mlango. Týra alikula polepole kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi kutoka shule, nikakuta mabakuli yamewekwa tena pamoja. "Lazima ajifunze kugawana," kasema Brandur. Yeye ambaye hufungia chokoleti zake kwenye sanduku la spana.

Jumatano, 27 Agosti. Baba kampiga Týra mara mbili.

Alhamisi, 28 Agosti. Mara moja. Mvua.

Ijumaa, 29 Agosti. Mara tatu, ya mwisho kwa gambuti. Kópur alikuwa amesimama juu ya tambara lake, miguu yote minne, anamtazama.

Jumatano, 3 Septemba

Týra hukaa nyuma ya Baba kwenye pikipiki ya magurudumu manne, juu ya gunia lililofungwa kwenye kibebeo. Amekaa pale maisha yake yote. Huruka kabla injini haijawaka, na Baba hutazama nyuma mara moja kuhakikisha amekaa. Sijawahi kumwona Baba akimtazama mtu mwingine namna ile.

Leo Brandur alimpandisha Kópur pale. Týra akaruka kama kawaida, akamkuta. Alisimama kibebeoni mguu mmoja hewani. Akamtazama Baba. Baba akasema, "Shuka wewe, umekwisha kuwa mzito, mtoto azoee." Wakaondoka. Týra aliwafuata kwa mbio mpaka uwanda wa chini, ulimi nje, matope usoni, mwanamke mzima wa miaka tisa anayekimbia nyuma ya kiti chake mwenyewe.

Nimeandika "mwanamke." Sifuti.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo Baba amefurahi. Kópur aliingiza pua kwenye bakuli la Týra, na Týra hakutoa sauti.

"Umeona?" akamwambia Mama. "Kaelewa. Wiki nne tu."

Mimi niliona. Mwili wake uligeuka ubao. Alijilamba mdomo wakati hakukuwa na kitu cha kulamba, akatazama pembeni, weupe wa jicho ukatokea. Halafu akaliacha bakuli na kwenda kusimama ukutani. Kópur akamaliza vyote.

Nikasema, "Baba, kitabu kinasema mbwa akinyamaza hivyo..."

"Kitabu kimewahi kushusha kondoo?"

"Hapana, ila..."

"Basi kikishusha, niite."

Brandur akacheka mpaka mtindi ukamtoka puani. Nilinyamaza. Nikatazama pembeni. Nadhani hata mimi nilijilamba mdomo.

Jumanne, 9 Septemba

Theluji ya kwanza vileleni. Nimefeli jaribio la hesabu.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamepanda mlimani leo asubuhi kuwashusha kondoo, Baba na Brandur na watu wa mashamba kumi na moja, chini ya Jórunn. Jórunn ndiye mkuu wa msako wa kondoo, mwaka wa kumi sasa. Anaamua nani atembee wapi, nani alale kibanda gani, na mbwa gani aende. Akikukatalia mbwa, huna mbwa. Mama anasema hata mchungaji wa kanisa humwomba ruhusa kabla ya kuombea mvua ikome.

Brandur amemchukua Kópur. Miezi mitano!

Ijumaa, 12 Septemba

Hakukuwa na shule. Niliungana nao mchana kwenye mteremko wa mwisho. Ukungu ulikuwa mzito, tulisikia kondoo kabla ya kuwaona. Týra alikuwa ametembea siku mbili, alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, na bado aliwatoa majike sita korongoni kwa kuwatazama tu. Kópur alikuwa anakimbia mbele ya pua yake, anamkata njia, anamrukia shingoni. Týra hakutoa sauti hata mara moja. Watu wakasema, lo, Ketill, mbwa wako ana subira.

Baba alitabasamu. Nilitamani kumtupia jiwe.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, hata kama mkono utakufa ganzi.

Kuchambua kulianza saa tatu. Zizi kuu ni duara, na kuta zake zinaligawa vyumba vyumba kama chungwa lililokatwa, kila shamba na chumba chake. Kondoo wote hujaa katikati, watu huingia, husoma alama ya sikio, humkamata kondoo kwa pembe na kumburuta kwenye mlango wake. Watoto wako kila mahali, wengine wamepanda kondoo. Mbwa haruhusiwi kuingia. Mbwa hukaa kwenye magari.

Mimi nilikuwa nashika mlango wa chumba chetu. Wale watatu wa basi walikuwa wamekaa juu ya ukuta, hatua nne kutoka kwangu, na mmoja wao alikuwa amenisalimia. Amenisalimia kwa jina. Nilikuwa nafikiria hilo.

Brandur akapita amembeba Kópur. Gari letu lilikuwa nyuma ya zizi, na ndani yake nyuma alikuwa Týra, amelala, amechoka, na pembeni yake mfuko wetu wa chakula: mikate myembamba na nyama ya kondoo ya moshi. Nilimwona Brandur akifungua mlango wa nyuma. Nilijua. Nilijua kila kitu, nafasi ni ndogo, hana pa kukimbilia, ana maumivu, kuna chakula, na sauti yake wameinyang'anya. Nilichotakiwa kufanya ni kusema kwa nguvu, "Brandur, usiwaweke pamoja." Angejibu "Sawa, Profesa," na wale watatu wangesikia.

Sikusema. Mlango ulifungwa. Nakumbuka ulivyogonga.

Haikuchukua hata dakika tano. Hakukuwa na ngurumo wala kubweka. Kilikuja kilio kimoja kirefu cha Kópur, na gari likawa linatikisika. Jórunn alikuwa karibu zaidi. Alifungua, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa Kópur kwa ngozi ya mgongo. Sikio lililosimama lilikuwa limepasuka mpaka chini. Kope la jicho la kushoto lilikuwa linaning'inia. Damu ilikuwa kwenye kioo. Týra alikuwa amejibanza kwenye kona, juu ya mfuko, anatetemeka mwili mzima.

"Ketill!" Jórunn akaita, na zizi zima likageuka, hata kondoo nadhani. "Mbwa wako kamrarua huyu bila onyo! Nilikuwa nimesimama hapa hapa, sikusikia kitu. Angekuwa mtoto wa mtu ndiye aliyefungua mlango, je?"

Baba alikuja mbio. Akatazama ndani. Uso wake ukawa kama majivu.

"Kesho hayupo," akasema. "Nampiga risasi mwenyewe. Samahani, Jórunn."

Brandur alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia tangu utoto. Alimfunga Kópur ndani ya sweta lake, akachukua gari la jirani kwenda kwa daktari wa mifugo.

Nilimfuata Baba nyuma ya trela, pale alipokwenda kusimama peke yake.

"Onyo alikuwa nalo," nikasema. "Wewe ndiye uliyemnyang'anya. Mwezi mzima umempiga kwa kusema."

Hakugeuka. "Eydís, si sasa."

"Kesho utakuwa umeshamuua. Ni sasa."

Akageuka. "Na wewe ulikuwa wapi? Nilikuona. Ulikuwa unamtazama kaka yako akifungua mlango. Unajua kila kitu, umesoma, na ulisimama pale na mdomo wako."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi usije kunihubiria nyuma ya trela pasipo mtu. Unadhani naamua mimi peke yangu? Bonde zima limeona. Jórunn hatamruhusu mlimani tena. Mbwa asiye na mlima nimfanye nini, nimfundishe kusoma?"

Akaondoka. Nilipiga teke gurudumu la trela mpaka kidole kikauma.

Baada ya kuchambua, watu wote hula supu ya nyama kwa Jórunn, kwenye banda lake la matrekta. Meza ndefu, watu kama hamsini, mvuke, masweta yaliyoloa. Na wanaimba. Watu wa hapa wakianza kuimba kwa sauti nne hawaachi mpaka beti ziishe, na beti haziishi. Nilisimama karibu na sufuria bila bakuli. Baba alikuwa mwisho wa meza, kijiko mkononi, hali wala haimbi. Wimbo ulipokwisha nikasema, "Jórunn."

Hakuna aliyesikia. Mtu akaanza wimbo mwingine.

"JÓRUNN!"

Sikujua kama nina sauti ile. Wote wakageuka. Wale watatu pia.

Nikasema Týra ana onyo kama mbwa yeyote, lakini kwetu amekatazwa kulitumia. Nikasema Baba amempiga kila aliponguruma, tangu tarehe kumi Agosti, na kwamba nimeziandika siku zote.

"Lo, Ketill, kumbe una karani nyumbani!" mzee mmoja akapiga kelele, na banda likalipuka kwa kicheko.

"Usicheke!" nikamwambia. Nilikuwa nalia tayari, lakini kwa hasira. "Hakuna cha kucheka! Anauawa kesho kwa sababu alitii! Na mimi niliona wakifungiwa pamoja na nikanyamaza, kwa sababu niliogopa mtacheka. Basi chekeni sasa."

Hawakucheka. Jórunn aliweka mwiko chini.

"Ketill. Ni kweli ulikuwa unampiga?"

Baba aliweka kijiko mezani. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kweli."

"Kwa nini, mwanamume wewe? Mbwa mzuri vile."

"Kwa sababu yenu," Baba akasema. Akasimama, benchi likaanguka nyuma yake. "Yule wa kwanza alinguruma tu. Hakumgusa mtoto. Mkanitafuna mwaka mzima. Hapa hapa, kwenye meza hizi hizi. Ulikuwepo, Jórunn. Ulicheka."

Mtu mmoja aliinama kuliinua benchi.

Jórunn akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nilicheka," akasema. "Haya. Mbwa abaki. Mwakani aje mlimani, na zizini afungiwe gari lake peke yake. Yule mdogo asikanyage mlima wangu mpaka atimize mwaka, mwambieni Brandur. Na wewe msichana, chukua bakuli, supu inapoa."

Baba alitoka nje bila kula.

Jumapili, 14 Septemba

Kópur amerudi na nyuzi kumi na sita na kola kubwa ya plastiki kama ndoo. Jicho limenusurika. Brandur hanitazami. "Umemvua Baba nguo mbele ya bonde zima," akasema. Nikamwambia aliyewafungia pamoja ni yeye. "Najua!" akafoka. "Unadhani sijui?" Akaenda kulala na Kópur ghalani.

Baba hajasema nami.

Jumatatu, 15 Septemba. Baba hajasema nami. Kwenye basi mmoja wa wale watatu alikuja kukaa kiti cha pembeni yangu. Alinipa nusu ya chungwa.

Jumanne, 16 Septemba. Upepo wa kaskazini. Baba hajasema nami. Anamwambia Mama "mwambie apitishe siagi" nami nimekaa mkabala naye.

Jumatano, 17 Septemba

Mama anataka niombe radhi. Nilimwuliza kwa lipi. "Kwa kusemea mbele za watu." Nikamjibu kwamba yeye nilimwambia nyumbani tangu Agosti, na alichonijibu ni kwamba nisimchokoze Baba. Akatoka jikoni. Niliumia, maana sikutaka kumpiga na hilo, ila ni kweli.

Sitaomba radhi.

Ijumaa, 19 Septemba

Lori la machinjio limechukua wanakondoo. Nyumba ina harufu ya damu na chumvi. Hajasema nami. Siku ya sita.

Jumamosi, 20 Septemba

Barafu kwenye madimbwi asubuhi. Nilisikia nyundo. Baba alikuwa anajenga geti la mbao katikati ya chumba cha viatu, kimo cha kiuno, upande mmoja tambara la Týra na bakuli lake, upande wa pili Kópur. Hakuwa amemwambia mtu. Nilisimama mlangoni na kitabu changu, sikujua niondoke au nibaki.

Kópur akaja na ndoo yake shingoni, akaigonga kwenye mbao, akapitisha mguu kati ya papi mbili kuelekea bakuli. Týra aliinuka. Alimtazama Baba kwanza. Halafu akanguruma, kidogo sana, sauti yenye kutu.

Mkono wa Baba ulipanda, ule ule wenye nyundo. Niliona. Sitaandika kwamba haukupanda. Ulibaki juu, hata nikahesabu mpaka nne, kisha ukashuka. Kwa mkono mwingine akausukuma mguu wa Kópur urudi ulikotoka.

"Kasema rudi nyuma," akamwambia.

Týra akalala. Baba akatafuta msumari mfukoni, akaweka ubao wa mwisho, ukawa unateleza.

"Shika hapa," akasema. Hakunitazama, lakini hakukuwa na mtu mwingine.

Niliweka kitabu chini nikashika. Bado nina hasira naye, na kwa jinsi alivyokuwa anapiga misumari ile, naye bado anazo zake. Tulipigilia yote kumi na minne bila neno jingine, na sikutoa mkono.